Siku Mama Mkwe Aliponikalia Manga

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule mwanamume wa kwenye video, yule aliyelala chali kwenye nyasi za Manga huku mama mkwe amemkalia kifuani na kwaya nzima ya vijana inaimba nyuma yao. Ndiyo, ni mimi. Wapo walioniuliza kama ulikuwa mchezo wa kuigiza (jirani yangu wa dukani alitaka kujua nani aliniandikia hiyo sehemu), na nimechoka kueleza vipande vipande, kwa hiyo leo naeleza yote mara moja, mcheke yaishe, tuendelee na maisha.

Kwanza mjue mambo yalivyokuwa. Naitwa Nyakundi, nauza na kutengeneza simu Kisii mjini, nyumbani kwangu ni Kiogoro. Kemunto, mpenzi wangu, anafundisha watoto wa chekechea, na tulikuwa tumependana muda wa kutosha mpaka marafiki wakaanza kutuuliza tunangoja nini. Tulichokuwa tukingoja ni mama yake. Baba yake alifariki zamani, na ingawa wajomba na wazee wapo, kila mtu kwao anajua neno la mwisho ni la huyu mama, mkulima wa Kenyenya, shemasi wa kanisa la Sabato, mwanamke asiye na maneno mengi lakini akisema limesemwa. Naye alikuwa na shaka mbili juu yangu. Ya kwanza, mimi ni Mkatoliki. Ya pili, alikuwa amesikia kwamba wauza simu wa mjini ni waongo. (Hiyo ya pili siwezi kuikana kabisa, ila mimi ni wa afadhali.) Akasema wazee wasisumbuliwe kwenda na kurudi mpaka yeye amwone huyu mtu kwa macho yake, na akishamwona atasema kama waje au wasije.

Sasa anione wapi? Kama wewe si Mkisii utaona hilo ni swali rahisi. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya aibu kati ya mtu na wakwe zake, na hakuna mahali inauma kama kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Humshiki mkono. Humtazami usoni. Hukai naye kiti kimoja, na ukimkuta njiani unampisha kwa mbali kama gari la serikali. Kwake sikuweza kuingia kabla ya wazee. Kwangu yeye hawezi kuingia kabisa, labda siku wajukuu wakizaliwa, na hata hapo kwa utaratibu wake. Hotelini akasema hawezi kula chakula mbele yangu, wala hawezi kukaa pale bila kula watu wakamshangaa. Tulibaki na mahali pasipo na mlango wala meza, na hapo ndipo Kemunto akakumbuka kwamba mama yake amezeeka hapa hapa Gusii na hajawahi kuliona ziwa.

“Tumpeleke Manga,” akasema. “Kule juu siku anga ikiwa safi ziwa linaonekana lote. Atatazama ziwa, wewe utasimama pembeni, mtaongea bila kutazamana.”

Niliona huyu mwanamke ana akili kuliko mimi, na bado naona hivyo.

Ikapangwa Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na hakuna wa kuthubutu hata kupendekeza. Mimi nikaenda misa ya alfajiri, nikarudi nikavaa suruali mpya ya kitambaa iliyonibana kidogo mapajani (muuzaji alisema ndiyo mtindo), viatu vya ngozi vyenye soli laini kama ulimi, na shati jeupe. Rafiki yangu alinikopesha gari lake, Probox. Na kwa kuwa kwetu mvua ya mchana haiombi ruhusa, nikanunua mwavuli, tena si ule mrefu wa wazee, nikachukua wa kubonyeza, ule mfupi ambao ukigusa kitufe unaruka wenyewe na kufunguka pwaa. Nilijaribu dukani mara kadhaa na watu wakageuka kutazama. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mama alishuka mjini akiwa na rafiki yake wa kanisani, Mama Bosire, mwanamke mnene mchangamfu ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kusema. Ninamaanisha hivyo hivyo. Mama hakuweza kusema nami moja kwa moja, kwa hiyo alimwambia Mama Bosire, Mama Bosire akaniambia mimi, nami nikamjibu Mama Bosire, na Mama, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo na kusikia kila neno, akangoja mpaka aletewe jibu. (Tulikuwa tukiongea Kikisii, nawawekea Kiswahili ili sote tuwe pamoja.)

“Mwambie tumeshukuru amekuja kwa wakati,” Mama akasema akitazama duka la mbegu.

“Anasema ameshukuru umekuja kwa wakati,” Mama Bosire akasema.

“Mwambie hata mimi nimeshukuru,” nikasema nikitazama viatu vyangu.

“Naye ameshukuru.”

Ndivyo tulivyoanza, na niwaambie ukweli, ukizoea ni njia nzuri ya kuongea, inakupa muda wa kufikiri.

Kwenye gari Mama alikaa nyuma yangu kabisa ili tusionane. Tatizo likawa kioo cha ndani. Kila nikiinua macho kuangalia nyuma namwona yeye, na yeye ananiona nikimwona, kwa hiyo kabla hatujatoka mjini nikakigeuza kile kioo kikatazama paa, nikaendesha hivyo hivyo kwa imani. Kemunto kando yangu alikuwa anauma midomo asicheke. Lori lilinipigia honi mpaka dereva wake akatoa kichwa nje kunitukana, nikasikia nyuma yangu, “Mwambie aangalie barabara,” na Mama Bosire, “Anasema uangalie barabara,” nami nikasema amwambie ninaangalia, ingawa nilikuwa ninaangalia mbele tu.

Tulifika Manga jua likiwa kali na anga imefunguka vizuri. Wale mnaopajua mnajua kulivyo: unapanda kwenye nyasi taratibu, huoni chochote cha ajabu, ni ng'ombe na mawe tu, halafu ghafla ardhi inaisha. Upande ule ni jabali, linashuka moja kwa moja, na chini yako kuna mashamba ya chai na ndizi na mabati yanang'aa. Kule mbali ndiko kulikuwa na ziwa, limelala jeupe limechukua upande mzima wa dunia, na Mlima Homa umesimama kando yake peke yake, wa buluu. Upepo ulikuwa unapiga nguo. Tulisimama mbali na ukingo, Mama katikati ya wale wanawake wawili, mimi pembeni kabisa kama mlinzi.

Mama akafunga kilemba chake vizuri, akakunja macho, akatazama. Kisha akasema, si kwa Mama Bosire wala kwa mtu yeyote, “Kumbe ni karibu hivi. Na miaka yote hii nilifikiri ni nchi ya watu.” Akavuta pumzi. Nikaona Kemunto anafuta jicho, na mimi mwenyewe nilifurahi, nilifurahi kabisa, nikajua leo nimefanya jambo zuri hata kama nitakataliwa.

Hapo akaanza maswali. Wazazi wangu wako hai? Wako. Ninakunywa? Sinywi. (Nilikuwa nimeacha majuzi tu, lakini nilikuwa nimeacha.) Kisha likaja lile nililokuwa ninaliogopa.

“Mwulize Jumamosi duka lake huwa limefungwa au limefunguliwa.”

Jumamosi ndiyo siku ya biashara Kisii, hilo linajulikana na kila mtu. Kemunto alinitazama. Niliweza kusema tunafunga saa sita, niliweza kusema kuna kijana anayefungua, maneno mazuri yalikuwa mengi mdomoni.

“Mwambie huwa limefunguliwa,” nikasema. “Na Kemunto akiwa mke wangu ataenda kanisani kwake na sitamzuia, lakini duka litakuwa limefunguliwa.”

Mama Bosire akafikisha, kwa sauti ya chini kidogo. Mama akatazama ziwa tena.

“Mwambie angalau hajanidanganya,” akasema.

Jamani! Nilihisi kama nimefaulu mtihani. Kemunto alinikonyeza. Kama tungeshuka wakati huo, nikawapeleka stendi, leo ningekuwa mkwe wa kawaida mwenye heshima zake, asiyejulikana na mtu Nyamira. Lakini tulikaa, tukapiga picha, Mama Bosire akataka nyingine na nyingine, na huku nyuma yetu, kutokea upande wa Keroka, wingu lilikuwa limekuja bila hodi.

Mvua ilishuka kwa fujo. Mwavuli wangu nikampa Mama Bosire, akajifunika na Mama, mimi na Kemunto tukajibanza kwenye kichaka ambacho hakikuwa na faida yoyote. Haikudumu. Iliponyesha ikatosheka, ikaacha, jua likachungulia, Mama Bosire akaufunga mwavuli na kunirudishia. Lakini wingu jingine lilikuwa linakuja, jeusi zaidi, na ile njia ya kushuka, udongo mwekundu na nyasi fupi zilizoliwa na ng'ombe, ilikuwa sasa imepakwa mafuta.

Hapo ndipo nikakumbuka vioo vya gari. Nilikuwa nimeviacha wazi. Gari la watu, viti vya watu. Nikamwambia Kemunto akimbie akavifunge, naye akakimbia, miguu yake mepesi. Mama Bosire akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akashuka zake peku peku kwa hatua fupi fupi bila shida yoyote, akiimba. Mama akakataa kuvua. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, vyeusi, vyenye kisigino kidogo, na kuvua viatu mbele ya mkwe, jamani, hilo halikuwezekana. Kwa hiyo ghafla tukabaki wawili juu ya mteremko, mimi na mama mkwe, hakuna mtu wa kutupitishia maneno.

Niseme kidogo kuhusu huko chini, kwa sababu ndiko balaa lilikokuwa linatungoja. Mteremko ule unaishia kwenye uwanja tambarare wa nyasi, na kwenye uwanja ule kulikuwa na kwaya ya vijana kutoka Magwagwa iliyokuja kupiga video. Mashati meupe, sketi na suruali za zambarau, mistari mitatu, wamejipanga migongo yao ikitutazama sisi na mlima, ili mlima uonekane nyuma yao. Spika kubwa ilikuwa inacheza wimbo waliokwisha kurekodi, wao wanafungua midomo na kuyumba. Mpiga video, kijana wa ndevu za kuchongwa, alikuwa amesimama mbele yao, na ile kamera ya kuruka ilikuwa juu yetu inalia kama nyuki. Mvua ilikuwa imewachelewesha na mwalimu wao alikuwa na haraka.

Mama alipiga hatua, akateleza kidogo, akasimama. Akapiga nyingine, akateleza tena, akashika nyasi. Mimi nilikuwa hatua chache chini yake. Nikatazama mkono wangu. Nikasema, Nyakundi, usithubutu. Hujampa mama huyu hata shuka la mahari, unataka kuanza na kumshika mkono? Ningeweza kumwita Mama Bosire arudi. Ningeweza kumwambia Mama akae chini tungoje Kemunto. Badala yake nikafikiri nimepata wazo zuri sana, wazo la mtu mwenye heshima: nikamnyooshea mwavuli. Mimi nishike upande wa mpini, yeye ashike upande wa ncha, nimwongoze polepole mpaka chini, tusigusane hata kidole.

Naye akaelewa. Bila neno, akashika ncha. Na niwaambie, kwa hatua kadhaa mambo yalikwenda vizuri mno, mimi mbele nikitazama chini, mkono nyuma, yeye nyuma yangu, tukashuka kama watu wanaobeba ngazi. Nilianza hata kujisifu. Nikajisemea nitawasimulia wazee jambo hili, watasema huyu kijana amelelewa.

Kisha soli yangu laini ikateleza, nikakaza mkono nisianguke, na kidole gumba kikakandamiza kitufe.

Pwaa.

Mwavuli uliruka ukarefuka na kufunguka wote kwa pamoja usoni mwa Mama. Yeye akaachia, akapiga kelele moja tu, “Obe!”, akakaa chini kwenye udongo. Mimi nikageuka kwa ghafla nimzuie, na miguu yangu yote miwili ikaondoka, nikaanguka chali, nikaanza kusafiri. Sikuweza kushika chochote. Niliteremka kichwa kikitazama mbingu, nikasikia suruali inapasuka nyuma yangu kwa sauti ndefu, nikapita kando ya mistari yote ya kwaya, nikakoma katikati ya uwanja, mbele yao kabisa, miguuni pa mpiga video. Nikainua kichwa nitazame Mama yuko wapi. Alikuwa anakuja. Alikuwa anakuja kwa njia ile ile niliyoisafisha kwa mgongo wangu, ameketi wima, mkoba wake mapajani, amekaza uso kama yuko kanisani, na kabla sijapata nafasi ya kujiviringisha akafika, akanipanda, akasimama juu yangu. Yaani akakaa. Kifuani.

Spika tu ndiyo iliyoendelea, na kwa sababu mwalimu wao alikuwa akipiga kelele “Msigeuke! Msisimame! Tabasamu!”, wale vijana waliendelea kuyumba kulia na kushoto na kufungua midomo, macho yao yote yakiwa kwetu.

Mama akageuza kichwa, akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Ana macho ya Kemunto, sikujua.

“Umeumia?” akaniuliza.

Na mimi, nimelala pale, pumzi imeniisha, nikasema, “Mwambieni sijaumia.”

Hapo ndipo kwaya ilipovunjika. Wasichana waliangua kicheko, mmoja akakaa chini, mwingine akaficha uso kwenye bega la mwenzake, mwalimu akarusha mikono akazima spika. Wanawake wawili walikuja wakamwinua Mama, wakampangusa. Mama Bosire alifika mbio, viatu mkononi, mikono kichwani, “Yaye! Yaye! Nimewaacha dakika moja!” Mimi sikuweza kuinuka, si kwa sababu ya maumivu (ingawa mgongo uliniuma vibaya), bali kwa sababu suruali ilikuwa imefunguka kuanzia mkanda kwenda chini, na nilijua nikigeuka kwaya itaona yasiyo ya kuonwa na kwaya. Mama Bosire akaelewa. Akafungua leso yake kiunoni, akanitupia. Nikaivaa nikiwa nimelala, nikasimama nimevaa leso ya maua.

“Buda,” mpiga video akaniambia akiangalia simu yake, ana furaha kama aliyeokota mali, “hiyo imeshikika yote. Kutoka juu. Clean kabisa.”

“Ndugu yangu, futa,” nikamwambia. “Nakuomba. Huyu ni mama mkwe.”

“Mama mkwe?” Akapiga mluzi. “Sasa mzee, si hiyo ni mbaya zaidi?” Akaahidi ataikata hiyo sehemu. Na labda aliikata kweli. Lakini simu zilikuwa nyingi pale.

Njiani kurudi Kemunto alishika mkono wangu kwenye gia. Kioo kiliendelea kutazama paa. Tulipofika stendi nilishuka kuwafungulia mlango, nimesahau kuwa nimevaa leso, na wauza njugu wakanipigia makofi. Kemunto akakusanya ujasiri akauliza, “Mama, basi unasemaje?”

Mama alikuwa anajaribu kukwangua tope kwenye mkoba. “Nitasema nikiwa nyumbani,” akajibu, akaingia kwenye matatu bila kugeuka.

Mimi nililielewa hilo kuwa ni hapana. Mnajua vile mtu anakuhurumia mbele ya watu ili akukatae ukishaondoka. Niliingia nyumbani nikakaa na ile leso, nikashindwa kula. Sikuwa ninaona aibu ya suruali tena, nilikuwa ninaona namna nitakavyoishi nikijua kwamba nilimpoteza Kemunto kwa kitufe. Yeye alinipigia, akaanza kunifariji, akaishia kulia, nikalazimika kumfariji mimi.

Wiki ilipofika katikati video ilikuwa imefika Kenyenya. Yaliyotokea huko niliyasikia kutoka kwa Mama Bosire, aliyenipigia simu na kunisimulia kwa raha zake zote, akirudia sehemu alizozipenda. Wanawake wa kanisani walimkuta Mama shambani. Walikuwa na simu mkononi. Wakamwonyesha yeye mwenyewe ameketi juu ya mwanamume, mchana kweupe, mbele ya kwaya ya vijana, wakamwuliza kwa upole ule wa watu wanaotaka kujua sana: shemasi, huyu ni nani?

“Nilikuwa pale,” Mama Bosire akaniambia. “Nilimwona anafikiri. Akisema hamjui, basi ni mwanamume tu, na hadithi haitaisha mpaka afe. Akisema ni mkwe, ni aibu kubwa, lakini ni aibu ya nyumbani, wazee wanakaa wanaiondoa.”

“Akasema nini?”

“Akachimba mashimo mawili zaidi ya mahindi, wale wanawake wamesimama tu. Kisha akasema, ‘Huyo ni mkwe wangu, mume wa Kemunto.’ Halafu akaniambia mimi, ‘Mwambie alete wazee wake upesi, kabla watu hawajaanza kuuliza ni mkwe gani asiyejulikana nyumbani.’”

Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa ninacheka na machozi yananitoka, mteja mmoja akaondoka.

Tulienda Kenyenya, mimi na baba na wajomba wawili, nikiwa nimevaa suruali pana na viatu vya mpira. Tukaketi sebuleni. Mama alikuwa jikoni, kama inavyostahili, haonekani ila mlango uko wazi kidogo. Chai ikaletwa, mikate, ndizi, soda kwa wanaotaka. Mzee wa upande wao akakohoa, akasema hatuwezi kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari huku lile jambo la Manga limekaa katikati yetu, na kila mtu akatazama kikombe chake. Likazungumzwa, na kwa uzito, hakuna aliyecheka, ingawa mjomba wangu mdogo alikuwa na kikohozi cha kutilia shaka. Mwishowe wakakubaliana kwamba hakukuwa na nia mbaya, ulikuwa utelezi, na mkwe alete gauni badala ya lile lililoharibika, na blanketi zito la kumfunika mama huyu aibu.

Baba akasema tumekubali. Mzee akauliza, kama wanavyouliza, kama kuna yeyote nyumba hii mwenye neno dhidi ya huyu kijana aliseme sasa. Nikasikia kuku nje. Nikasikia sufuria jikoni inafunikwa.

“Mwulizeni,” sauti ya Mama ikatoka kule ndani, “kama mgongo wake umepona.”

Wazee wote walinigeukia. Mjomba wangu mdogo akaangusha kijiko. Nilijua utaratibu, nilijua napaswa kumwambia mzee, na mzee amwambie mwenzake, na mwenzake aende mpaka mlangoni. Lakini sikuweza kungoja.

“Umepona, Mama,” nikasema.

Hakunijibu, wala sikutarajia anijibu. Alimtuma Kemunto aniongeze chai. Sasa ni mkwe wangu kabisa na hatusemezani, tunapishana njiani kwa mbali kama inavyotakiwa, na nimeapa nitaishi hivyo hivyo kwa adabu mpaka uzeeni, isipokuwa siku nikimwona anateleza. Siku hiyo nitamshika mkono kwanza, kwa nguvu zangu zote, na wazee watajua watakachotutoza baadaye.